Don Cornelius na "Wantu Wazuri"

Kila ninapofundisha lugha ya matangazo ya biashara, huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni maneno haya mawili: "wantu wazuri". Darasa huangua kicheko. Ni nani huyo asiyejua hata kusema "watu"? Hapo ndipo huwasimulia habari za Don Cornelius.

Bwana huyu alizaliwa Chicago, kaskazini mwa Marekani, mwaka 1936. Aliwahi kuuza bima kabla ya kuingia redioni katika miaka ya sitini. Hakuwa mwimbaji. Alichokuwa nacho ni sauti nzito, na jicho lililotambua kwamba vijana Weusi wa mji wake walikuwa na muziki na dansi zao, ilhali televisheni haikuwajali. Alianza kwa kuwazungusha wanamuziki katika shule za sekondari. Kisha akatoa dola 400 zake mwenyewe kurekodi kipindi cha majaribio, na mwaka 1970 Soul Train ikaanza katika kituo cha WCIU. Mwaka uliofuata alihamia Los Angeles, kipindi kikaonekana katika miji mingine pia.

Nani aligharamia? Johnson Products, kampuni ya Chicago iliyomilikiwa na Mweusi mwenzake, George Johnson, na kutengeneza mafuta ya nywele ya Afro Sheen. Matangazo ya Afro Sheen ndiyo yaliyotumia "wantu wazuri", wakati ambapo Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakijifunza Kiswahili.

Kosa ni kosa, nami hulisahihisha. Lakini huwakumbusha wanaocheka kwamba Mganda husema "abantu" na Mkamba "andu". Ni Kiswahili kilichoidondosha hiyo "n". (Aghalabu kicheko hupungua hapo, hasa kwa Wakamba.)

Mwaka 1973 shirika la ABC lilileta kipindi cha kushindana na Soul Train. Viongozi Weusi, Jesse Jackson miongoni mwao, walipinga vikali, na kipindi hicho kikaachwa. Cornelius hakuwa mtangazaji wa kuajiriwa tu. Kipindi kilikuwa mali yake. Alikitangaza hadi mwaka 1993, nacho kikakoma mwaka 2006. Yeye alifariki mwaka 2012.

Muhula uliopita msichana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. "Mwalimu," akauliza, "mbona mafuta ya nywele tunayonunua hapa Nairobi hutangazwa kwa Kiingereza?" Safari hii hakuna aliyecheka.