Kayaki, Graniti na Makorongo ya Masieda

Je, makorongo ya Masieda, wilayani Mbulu, Tanzania, yanaweza kushukwa kwa kayaki? Jibu langu ni hapana, na sababu yake inafaa kujulikana na yeyote anayevuka makorongo hayo kwa miguu, kwa pikipiki au akiswaga mifugo.

Sehemu kubwa ya nyanda za juu za Mbulu imekaa juu ya mwamba wa kale sana, graniti na jamii zake. Mwamba huu haunywi maji, isipokuwa kidogo yanayopenya kwenye nyufa. Pale udongo ulipo mwembamba, mvua hukimbilia korongoni moja kwa moja. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi huvuma jioni, na kesho yake unavuka bila kulowa. Mlima Hanang, ulio jirani, una tabia nyingine: ni wa volkano, na huko si maji tu yanayoshuka. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa na kulegea ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashukia mji wa Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha.

Wapo wanaopiga kafi kwenye vijito vya graniti, na kwao safari huanza kwa miguu. Mwaka 1982, wapiga kafi Royal Robbins, Reg Lake na Doug Tompkins walipandisha mitumbwi yao hadi Bishop Pass, zaidi ya meta 3,600 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Sierra Nevada, Marekani, wakateremkia mto Kings ambako hakuna barabara. Kilichowawezesha ni theluji. Theluji huyeyuka polepole kwa wiki nyingi, kwa hiyo mto hupanda na kushuka kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuupigia hesabu kabla ya kujitwisha mtumbwi. Masieda haina theluji, na maji ya kutosha kuelea huja na gharika yenyewe.

Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka mchezo huu, mahali pake ni Jinja, Uganda, ingawa bwawa la Bujagali lilizamisha maporomoko maarufu mwaka 2011. Pale Nile inalishwa na Ziwa Viktoria mwaka mzima. Maji ni mengi, na anayepinduka mara nyingi huwa na kina cha kutosha chini yake. Kijito cha graniti hakitoi nafasi hiyo.

Graniti hupasuka kwa mistari mirefu, kwa hiyo kijito hushuka kama ngazi. Kokoto zinazozungushwa na maji huchimba mashimo ya mviringo. Mawe makubwa yakibanana huacha vipenyo chini yake: maji yanapita, mtu hapiti. Hicho ndicho kifo ninachokiogopa kuliko maporomoko marefu, kwa sababu juu pametulia. Mjuzi hutazama maji yanavyolipiga jiwe. Yakijikusanya mbele yake na kurudi, jiwe huenda ni zima. Yakitoweka kimya bila kujirundika, chini pana uwazi. Hapo mtumbwi hutolewa majini, ukabebwa begani kupita pembeni.

Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu inayokusukuma huwa mara nne. Ndiyo maana maji ya magotini humwangusha mtu mzima. Hatari ya pili ni kujaribu kusimama kwenye mkondo mkali: mguu ukinasa kati ya mawe, maji hukulaza kifudifudi na kukushikilia hapohapo. Aliyechukuliwa alale chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, apige mikono kuelekea ukingoni, wala asisimame mpaka afike penye maji haba.

Mvua inaweza kuwa inanyesha mbali juu huku kwako jua likiwaka. Maji yakibadilika rangi, majani na vijiti vikianza kuelea, au ukisikia mawe yakigongana chini, panda ukingoni papo hapo, hata kama mbuzi wamebaki ng'ambo. Kisha subiri. Korongo linalolishwa na mwamba mtupu, mvua ikikatika huko juu, kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache.