Amplifaya Ndogo Yatosha Jukwaani

Katika bendi nyingi, zikiwamo za majeshi na za polisi, mpiga gitaa la solo hupenda kuwa na amplifaya kubwa kuliko wenzake wote. Akiwa na ya wati 50 hutamani ya wati 100, na siku aipatapo hiyo, mwimbaji ndiye anayekoma kusikika. Maafande walioketi mstari wa mbele huondoka na mlio masikioni, nayo maneno ya wimbo, yaliyotungwa kwa jasho, hubaki kinywani mwa mwimbaji.

Yafaa basi wapiganaji wenzetu walio katika bendi waijue hesabu ya jambo hili, maana wengi huzihesabu wati kama wahesabuvyo kilo za sukari. Sauti haiendi hivyo. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, yaani kutoka wati 50 hadi 100, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo ni ndogo masikioni. Ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa maradufu, yahitajika nguvu mara 10 hivi. Kwa hukumu ya sikio, basi, amplifaya ya wati 10 ina kama nusu ya sauti ya ile ya wati 100, spika zikiwa sawa.

Spika ya gitaa iliyo ya kawaida, ikipewa wati 1 tu, hutoa takriban desibeli 97 hadi 100 kwa umbali wa mita 1. Ipe wati 16, nayo yafika 109 au zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15. Askari aliyewahi kufyatua risasi bila kuziba masikio anaujua mlio ule usiokoma usiku. Mpiga ngoma aliyewekewa amplifaya kubwa nyuma ya kisogo huweza kuupata pia, tena bila hata kulenga shabaha.

Hata hivyo, tusiwacheke waliotangulia. Tarehe 15 Agosti 1965, kundi la Beatles lilipopiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, lilikuwa na amplifaya za Vox za wati 100, na bado kelele za mashabiki zilizimeza. Zama hizo amplifaya ya jukwaani ndiyo iliyotwishwa mzigo wa kulifikisha gitaa kwa watu. Baadaye mitambo ya kumbi na viwanja iliboreshwa, na mzigo huo ukahamia kwenye mikrofoni na spika kuu. Ndiyo maana Neil Young, mwanamuziki wa Kanada, ameweza kwa miaka mingi kupiga katika viwanja vikubwa, kiini cha sauti yake kikiwa ni amplifaya ya Fender Deluxe ya mwaka 1959, isiyozidi wati 20.

Siri kubwa ni mahali inapowekwa. Sauti kali za gitaa hutoka kwenye spika zikiwa zimenyooka kama mwanga wa tochi. Amplifaya ikikaa sakafuni, mwanga huo humpiga mchezaji magotini. Yeye husikia gitaa limefifia, huongeza sauti, kumbe walio mbele yake wanachomwa. Iinue juu ya kiti au sanduku la risasi lililo tupu, uilaze nyuma kidogo, spika ielekee sikio la mpigaji. Kisha mikrofoni iwekwe vidole viwili mbele ya spika, kando kidogo ya kitovu chake.

Ndogo nayo ina mipaka. Ile ya vali, ikifunguliwa hadi mwisho, hukwaruza. Wapigaji wa roki huupenda mkwaruzo huo, lakini katika dansi, kama lilivyopigwa na Polisi Jazz au Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, magitaa hujibizana, na kila uzi lazima usikike safi. Hapo afadhali ya transista, ya wati 20 au 30, isiyofunguliwa kupita nusu. Gitaa la besi lisichomekwe humo kabisa, kwani litaipasua spika. Na katika uwanja wa gwaride usio na kuta wala mitambo mikuu, huku tarumbeta zikilia, amplifaya ya wati 5 itaaibika.

Kabla ya onyesho, mtu mmoja ashuke jukwaani, ahesabu hatua 30, asimame huko wimbo mzima na kusikiliza kama maneno yanafika. Huyo asiwe mpiga gitaa.