Cheti cha Anayekuita Chuoni

Mwaka 2010 wachunguzi wa serikali ya Marekani walijifanya watu wanaotafuta chuo. Walijaza majina ya kubuni kwenye tovuti zinazowatafutia vyuo wanafunzi, wakasubiri. Simu nyingine zililia ndani ya dakika tano. "Mwanafunzi" mmoja alipigiwa zaidi ya mara 180 kwa mwezi.

Kisha wakaingia na kamera za siri katika vyuo 15 vya binafsi vinavyoendeshwa kibiashara. Aliyejidai kutaka kusomea unyozi aliambiwa kinyozi anaweza kupata dola 150,000 hadi 250,000 kwa mwaka, ilhali takwimu za serikali zilionyesha vinyozi tisa kati ya kumi hawafikishi 43,000. Cheti cha ukandaji cha dola 14,000 kilisifiwa kuwa na bei nzuri. Chuo cha umma cha jirani kilikitoa kwa 520. Vyuo vyote 15 vilikutwa na maelezo ya kupotosha.

Waliotoa ahadi hizo ni waandikishaji, watu ambao kazi yao ni kuleta wanafunzi. Kwa kazi ya namna hiyo, sheria ya elimu ya New York inamtaka wakala anayezitafutia wanafunzi shule binafsi za ufundi kwa malipo awe na cheti cha jimbo. Majimbo mengine nayo yana vibali vya namna hiyo. Mimi naviunga mkono kwa moyo wote. Dereva wa basi hapewi usukani bila leseni. Anayekufanya utie saini mkopo utakaoulipa hadi nywele ziote mvi aachwe vipi?

Ila cheti hakimtulizi mtu anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayemwandikisha. Bunge la Marekani lilipiga marufuku malipo hayo mwaka 1992 kwa vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya serikali kuu, mwaka 2002 serikali ikafungua mianya, na mianya hiyo ikazibwa mwaka 2011. Wakati huo tamaa ilikuwa imeshaota mizizi: ripoti ya Seneti ya 2012 ilihesabu, katika kampuni 30, waandikishaji 35,202 na wafanyakazi 3,512 tu wa kuwasaidia wahitimu kupata kazi.

Kampuni ya Corinthian Colleges, mojawapo ya hizo 30, ilifunga milango yake ya mwisho Aprili 2015. Juni 2022 serikali ikatangaza kufuta madeni ya watu 560,000 waliosoma huko, dola bilioni 5.8. Ilikuwa imepita miaka saba tangu kampuni hiyo ifungwe.