Rupia 5,000 kwa Kichwa cha Mkwawa

Habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa kawaida huanzia Lugalo, 17 Agosti 1891, alipouawa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pamoja na Wazungu takriban 10 na askari na wapagazi zaidi ya 200. Kwa mtu wa Kimamba, wilayani Kilosa, iko tarehe ya jirani zaidi: Oktoba 1892, Wahehe waliposhuka hadi Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa, wakaiangamiza ngome ya Wajerumani iliyolinda njia ya misafara.

Kalenga ilianguka Oktoba 1894, lakini Mkwawa mwenyewe hakupatikana. Wajerumani wakatangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Nyingi kiasi gani? Miaka michache baadaye kibarua wa shamba alilipwa takriban rupia 12 kwa kipande (kadi ya kazi) cha siku 30. Ili afikishe 5,000 angejaza vipande 417, yaani zaidi ya miaka 34 bila kukosa hata siku moja ya kazi. Na bado hakuna aliyemtoa akiwa hai: alijipiga risasi Julai 1898, miaka saba baada ya Lugalo.

Kichwa kikapelekwa Ujerumani, na hapo kikageuka deni la serikali. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 iliipa Ujerumani miezi sita kukirudisha. Ikapita miaka 35. Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda mwenyewe Bremen, kwenye jumba la makumbusho lenye mafuvu takriban 2,000; kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwamo 84. Likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa ukoo. Ushahidi mwembamba, kwa maoni yangu, ingawa ndilo fuvu lililopo Kalenga hadi leo.

Aliyelipokea mwaka 1954 ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu. Huyu naye ana hesabu yake, na ajabu ni kwamba haitajwi sana: Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, akampisha Chifu Erasto Mang'enya, kisha akarudi 1975 hadi 1994. Ni miaka ipatayo 30. Babu aliitawala Uhehe chini ya miaka 20, na mbunge wa Kilosa, ambako jeshi la babu lilishuka, alimwomba mjukuu nafasi ya kusema.