Tundu Dogo Halina Kazi Ndogo

Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, mgonjwa anaweza kutibiwa kwa upasuaji wa kufungua kifua au kwa upasuaji wa tundu dogo, ambapo mrija mwembamba, yaani katheta, hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, picha za eksirei zikionyesha njia. Kwa kuwa tundu ni dogo, wapo wanaodhani kwamba na kazi ya muuguzi imepungua, na kwamba muuguzi yeyote wa thieta anaweza kuhamishiwa maabara ya katheta, yaani chumba cha matibabu hayo ya tundu dogo, leo na kufanya kazi leo leo. Dhana hiyo ni ya hatari. Jeraha limepungua, lakini wajibu wa muuguzi una uzito uleule, ila umehamia mahali pengine.

Katika thieta, mgonjwa anayefunguliwa kifua amelala usingizi wa dawa, na mtaalamu wa usingizi hamwachi. Yeye ndiye mlinzi wa pumzi, shinikizo la damu na maumivu. Muuguzi mmoja hukabidhi vyombo, mwenzake huzunguka kuleta vifaa, na kabla jeraha halijafungwa huhesabu pamoja kila kitambaa cha kufyonzea damu, sindano na chombo. Nidhamu ya namna hii imeonekana kuokoa maisha. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye hesabu hiyo ndani yake, ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100.

Katika maabara ya katheta, mgonjwa kwa kawaida yu macho. Amechomwa ganzi, amepewa dawa ya kumtuliza, na mara nyingi mtaalamu wa usingizi hayupo. Hivyo ulinzi ule unamwangukia muuguzi. Daktari amekaza macho kwenye picha, naye muuguzi anafuatilia mapigo, kwa maana waya ukigusa ukuta wa moyo mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na mashine ya kushtua moyo ikahitajika papo hapo. Dawa ya rangi inayoonyesha mishipa inaweza kuleta mzio au kuelemea figo. Dawa ya kuzuia damu kuganda ikizidi, damu inaweza kuvujia ndani ya nyonga bila kuonekana. Juu ya hayo kuna mionzi, inayomlazimu muuguzi kuvaa aproni nzito ya risasi na kujua pa kusimama: ukiongeza umbali mara mbili kutoka chanzo cha mionzi, dozi hushuka hadi takriban robo.

Wapo watakaosema kuwa wauguzi ni wachache, na kuwagawa kwa ubingwa ni anasa. Hoja ya uchache ni ya kweli, na ni kweli pia kwamba usafi wa kuzuia vijidudu na uhakiki wa mgonjwa ni msingi mmoja kwa vyumba vyote viwili. Lakini msingi si nyumba. Aliyezoea mgonjwa aliyelala hajafunzwa kwa hilo pekee kusoma uso wa aliye macho, wala muuguzi wa maabara hawezi kuingia thieta na kuanza kupanga vyombo vya kufungulia kifua. Tena mshipa ukitoboka, mgonjwa wa tundu dogo anaweza kuhitaji kufunguliwa kifua kwa dharura, na timu zisizojua kazi ya kila mmoja zitapoteza dakika ambazo moyo hauna.

Viongozi wa hospitali wawape wauguzi hawa msingi wa pamoja, kisha mafunzo mahususi ya chumba chao kabla ya kuwakabidhi mgonjwa. Nawe msomaji, siku ukilala juu ya meza ya katheta, mwambie muuguzi kila unachohisi, hata kama ni kifua kubana kidogo tu. Pale, neno lako ni sehemu ya vipimo anavyovitegemea.