Mizani Kumi na Moja za Kuuhoji Moyo



Leo na tuutazame utenzi mmoja wa Kiswahili, Al-Inkishafi. Aliutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa visiwa vya Lamu, yapata miaka 200 iliyopita. Yeye alikuwa Mwislamu, nasi tu Wakristo. Lakini swali lake ni la kila mwanadamu: moyo wangu unategemea nini?

Kwanza, umbo lake. Kila ubeti una mistari 4, na kila mstari una mizani 11. Mizani ni silabi. Neno “ulimwengu” lina 4, u-li-mwe-ngu. Tenzi nyingi zina mizani 8, nazo huenda mbio, kwa maana mara nyingi husimulia vita. Huu una 11, na baada ya mizani ya 6 sauti hupumzika kidogo. Msomaji hawezi kukimbia. Hana budi kutafakari.

Pili, vina vyake. Mistari 3 ya kwanza huishia kwa sauti moja, nayo hubadilika ubeti kwa ubeti. Bali mstari wa 4 una kina kile kile tangu mwanzo hata mwisho. Mshairi akienda mbali namna gani, mstari huo humrudisha pale pale.

Tatu, huzuni yake. Anatuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu. Vidaka vya ukutani, vilivyopangwa sahani za thamani, vimekuwa viota vya ndege, na bundi analia ndani. Hapo ni rahisi kuwacheka waliojivuna. Lakini yeye hamsuti jirani. Anasema na moyo wake mwenyewe. Kwa hiyo onyo lake lina huzuni, wala halina kiburi. Mtunga Zaburi ya 42 naye aliihoji nafsi yake vivyo hivyo.

Ndugu zangu, sisi tukaao Bongwe tunayaona majumba yakiinuka huko Diani. Mara tunayatamani, mara tunawahukumu wenye nayo. Utenzi huu watufundisha njia nyingine. Kabla ya kuuliza jirani anategemea nini, na tuihoji mioyo yetu: pole pole, tukipumzika katikati, tukilirudia swali lile lile mpaka moyo useme kweli mbele za Mungu.

Bwana awabariki.