Usadikifu wa Mapenzi ya Wahusika Kinzani katika Bunilizi: Mtazamo kutoka Ufipa

Utangulizi

Mapenzi kati ya wahusika wanaotofautiana kwa asili, tabaka au mwenendo ni maudhui ya kawaida katika bunilizi ya Kiswahili. Hata hivyo, katika kazi nyingi ukinzani huo hutangazwa tu kisha hufutwa: tajiri na maskini hukutana, hutazamana, na vizuizi huyeyuka. Makala haya yanafafanua kuwa mapenzi ya aina hii husadikika pale ambapo sifa inayomvuta mpenzi ndiyo hiyohiyo inayomgharimu.

Masimulizi ya Milansi

Msingi wa hoja hii unaweza kuonekana katika masimulizi ya asili ya Wafipa. Inasimuliwa kuwa wanawake wageni waliotoka mbali walifika Milansi wakati mtemi akiwa mawindoni, wakatwaa kiti chake. Aliporejea, makubaliano yalifikiwa: wageni, yaani nasaba ya Twa, watawale nchi, naye abaki na Milansi pamoja na ukuu wake wa kiibada. Mwaka 1967 mwanaanthropolojia Roy Willis alieleza uhusiano huo kwa sitiari ya kichwa na kiuno: upande mmoja ni wenyeji, wanaume na wazee, wa pili ni wageni, wanawake na vijana. Haya si masimulizi ya mapenzi. Hata hivyo, yanaonesha muundo ambao mtunzi anaweza kuutumia: pande mbili huungana bila yoyote kugeuka kuwa mwenziwe, na kila upande hulipa gharama ya muungano.

Yasmin na Denge

Muundo huo unajitokeza katika riwaya ya Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi, yenye mandhari ya Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa Mwajuma. Kwa hiyo anapompenda Denge, Mwafrika aliyesoma Urusi na anayepigania uhuru, ukuta wa jamii yake umekwisha kupasuka. Msomaji halazimiki kuamini kuwa msichana aliyelelewa ndani ya mipaka mikali ameivuka yote kwa siku moja.

Aidha, Denge habadiliki ili apendeke. Msimamo wake wa kisiasa ndio unaomtofautisha na mume aliyekimbiwa, lakini ndio pia unaomfanya awindwe na polisi na kuwanyima wapenzi hao makazi ya utulivu. Mwandishi hahitaji kuleta fitina kutoka nje ili kuzalisha mgogoro, kwa kuwa mgogoro umo ndani ya mvuto wenyewe.

Mfano wa mandhari ya Ufipa

Kigezo hiki kinaweza kupimwa kwa kisa cha kubuni. Mtunzi akiwakutanisha katika soko la Sumbawanga kijana wa Kifipa anayelima mahindi uwandani, na binti wa familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa, kuwaita “mkulima” na “mfugaji” hakutoshi. Kilimo cha ntumba, yaani vichuguu vya udongo vinavyofukia majani yaoze na kuwa mbolea, humfunga mtu kwenye ardhi yake. Ufugaji humtaka ahame kufuata malisho. Ng'ombe walewale wanaolirutubisha shamba baada ya mavuno huliangamiza wakiingia kabla ya mavuno. Mahari ya ng'ombe nayo humtaka kijana apate mali ambayo jembe halizalishi. Hapo msomaji anaweza kuhesabu umbali uliopo kati ya wawili hao, na kuelewa kwa nini kila mmoja anautamani ulimwengu wa mwenziwe huku akiuogopa.

Hitimisho

Mhakiki anayepima usadikifu wa mapenzi kinzani hana budi kuuliza kitakachopotea iwapo mpenzi mmoja atafanana na mwenziwe. Ikiwa hakuna kitakachopotea, tofauti yao ilikuwa pambo. Ikiwa kitakachopotea ni kilekile kilichompendeza mwenziwe, basi mtunzi ameujenga uhusiano wao juu ya msingi unaohimili uzito wa hadithi.